Mwalimu Elvyra na Simu za Alhamisi

Elvyra Noreikaitė alifundisha Kijerumani kwa miaka ishirini na miwili katika shule moja ya Marijampolė, mpaka ukafika mwaka ambao wanafunzi waliojiandikisha kukisoma walikuwa wanne tu, wengine wote wamekimbilia Kiingereza. Mkuu wa shule alimpa shada la maua na kumpa mkono. Wiki tatu baadaye alikuwa kwenye soko la magari nje ya mji, amesimama juu ya changarawe na koti lake la kufundishia, akimsomea mwenye yadi maneno yaliyoandikwa kwenye skrini ya gari.

Mwenye yadi aliitwa Rolandas, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Magari yake yote yalitoka Ujerumani yakiwa yameshatumika, na yote yalikuja yakisema Kijerumani.

"Mwalimu," alimwambia siku hiyo ya kwanza, "injini naijua. Kubishana na mnunuzi kutwa nzima naweza. Lakini hiki kidude hapa katikati kinanitukana na sijui kinasema nini."

"Hakikutukani. Kinauliza kama unataka kuunganisha simu."

"Basi kiambie nakubali."

Akabaki hapo miaka tisa, na jina la Mwalimu likabaki naye. Kila gari lililopata mnunuzi, yeye ndiye aliyeingia kwanza. Alibadilisha lugha, akafuta simu za wenyewe wa zamani, kisha akaunganisha simu ya mwenyewe mpya. Magari hayasahau upesi. Mengine yalikuja bado yamebeba majina ya watu: Mama, Daktari wa Meno, Bibi wa Bremen, Heike Kazini. Elvyra aliyasoma, kwa kuwa huwezi kufuta bila kusoma, kisha akabonyeza na majina yakapotea. Zamani alikuwa akijiuliza Heike ni nani. Siku hizi hakujiuliza tena.

Simu ikishaunganika, na tarakimu sita za kwenye skrini zikishalingana na zile za kwenye simu, humwambia mnunuzi, "Sasa mpigie mtu. Yeyote umtakaye." Yeye hukaa kiti cha abiria kusikiliza kama kipaza sauti kinafanya kazi. Kwa njia hiyo alisikia mambo mengi. Alisikia wake wakiuliza rangi gani. Alisikia mama mmoja wa Šakiai akilia kwa furaha mpaka mwanawe akapunguza sauti kwa aibu. Alimsikia mwanamume akimpigia mtu aliyemwita "kipenzi", kisha akamgeukia Elvyra na kumwomba asimwambie yule mama aliyekuwa amesimama nje ya gari.

Yeye mwenyewe hakuwa na gari, wala hakujua kuendesha. Hakuolewa. Aliishi na mama yake kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu, na mama alipofariki, miaka sita iliyopita, aliendelea kuishi humo humo na kulala katika chumba kile kile kidogo, cha mama akakiacha kilivyo. Jirani wa kulia alikwenda Norwe, wa kushoto Uingereza, na kwenye ngazi alizoea kukutana na paka tu. Simu yake ilipolia, mara nyingi ilikuwa ni Rolandas anayeuliza ufunguo uko wapi.

Mwezi wa Juni akaja mzee mmoja kuchukua gari la kijivu lenye buti refu. Aliitwa Telesforas Jakubka, mrefu, goti moja bovu, kofia mkononi. Alitoka kijiji kimoja karibu na Simnas. Simu yake ilikuwa mpya, bado ina karatasi ya plastiki juu ya kioo.

"Binti yangu kanitumia kutoka Ayalandi," alisema. "Anasema nisiendeshe huku nimeshika simu. Mimi hata nikiwa nimekaa siishiki."

Elvyra akaiunganisha. Ikakubali mara moja. "Haya, mzee. Mpigie mtu."

Mzee akatazama skrini. Majina yalikuwa mawili tu, Jolita na Zahanati. Akabonyeza la Jolita. Simu ikaita, ikaita, ikakatika.

"Yuko kazini," alisema mzee. "Saa hizi huwa kazini."

"Basi zahanati."

"Niwaambie nini? Mimi mzima."

Nje Rolandas alikuwa anagonga bati la gari jingine kwa kiganja na kulisifia. Elvyra hakujua hasa kwa nini alisema alichosema. Pengine alitaka tu kumaliza kazi.

"Andika namba yangu. Nitatoka nje, halafu unipigie."

Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya kontena la ofisi. Simu yake ikalia.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee."

"Mimi nakusikia kila mahali," alisema Telesforas, na sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli. "Umejaa gari zima."

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ikalia tena. "Mama, ni mimi, Jakubka wa gari la kijivu. Napima tu kama inafanya kazi."

"Inafanya kazi."

"Haya. Naenda Alytus kutibiwa goti. Kuna ukungu hapa, barabara siioni. Naona korongo mmoja, yuko kwenye nguzo ya umeme."

Alhamisi ya tatu alipima tena. Mwezi wa Julai ulipokwisha, hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo ilikuwa kupima, ingawa maneno ya kufungulia yalikuwa ni yale yale. Kutoka kwake hadi Alytus ni nusu saa, naye aliendesha polepole. Alikuwa ameendesha lori la kukusanyia maziwa kwa miaka thelathini na minne, na kila nyumba ya njiani aliijua kwa ng'ombe wake wa zamani.

"Hapa walikuwa na ng'ombe tisa, Mwalimu. Sasa wana trampolini."

"Watoto wanarukia?"

"Watoto wako Norwe. Inarukiwa na majani."

Elvyra alicheka mpaka akashika ukuta wa kontena. Alimsimulia habari za shule, jinsi alivyowaimbisha watoto vitenzi vya Kijerumani, na kwamba hajawahi kuagana na darasa lake la mwisho kwa sababu walimaliza mitihani akiwa hospitalini na mama. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Mzee hakutoa pole nyingi. Alisema tu, "Ngoja nipite hili trekta," kisha baada ya kupita akasema, "Nimekusikia, Mwalimu. Endelea."

Elvyra akaanza kupanga chai yake ya Alhamisi iangukie saa nne. Akaja na skafu ya bluu. Rolandas aliona kila kitu.

"Mwalimu, mchumba anapiga!"

"Mteja huyo. Anapima simu."

"Mimi nimeuza magari elfu, hakuna aliyenipima hata siku moja."

"Labda wanakusikia tayari bila simu."

Jambo moja mzee alikataa kulijifunza. Kitufe cha kupigia kwenye usukani alikijua, cha kukatia hakukitaka. "Wewe ndiye ukate," alimwambia. "Mimi nikigusagusa nitawasha wipa." Kwa hiyo kila Alhamisi ni Elvyra aliyekata, na kila mara alisubiri kidogo kwanza, akisikiliza ile injini na mlio wa taa ya kukunjia kona alipokuwa akiingia kwenye uwanja wa hospitali.

Katikati ya Oktoba simu haikulia. Elvyra alikunywa chai mpaka ikapoa. Alijiambia kwamba goti limepona. Alhamisi ya pili haikulia tena, na sasa alifikiria mtaro, barabara yenye utelezi, gari la kijivu limelala ubavu. Kumpigia hakuthubutu. Angesema nini? Katika miezi minne hajawahi kumpigia yeye hata mara moja. Alikuwa mtu anayepigiwa.

Alhamisi ya tatu alikuwa ndani ya gari jekundu linaloondoka mchana huo, ameunganisha simu yake mwenyewe kujaribu spika. Skrini ikamwonyesha majina yake. Akaona *Jakubka*. Kidole kikabonyeza kabla hajaamua.

"Haloo?" Ilikuwa sauti yake, nzima, haina shida yoyote. Nyuma yake kulikuwa na kelele. Watoto wawili walikuwa wanagombania kitu kwa Kiingereza, na mfuko wa plastiki unachakarishwa.

"Mzee, ni mimi. Nilitaka kujua kama..."

"Baba, nani huyo?" Sauti ya mwanamke, karibu sana. Elvyra akaelewa mara moja kwamba sasa yeye ndiye aliyejaa gari zima la watu, na kila neno lake linaangukia mapajani mwa wageni.

Telesforas alikohoa. "Ni mama wa kule nilikonunua gari," alisema. Kisha kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayezungumza na ofisi: "Ndiyo, mama. Gari liko sawa. Simu nayo iko sawa. Asante kwa kuuliza."

"Vizuri sana," alisema Elvyra. "Tunawapigia wateja wote kabla ya majira ya baridi."

"Asante, mama. Kazi njema."

Mzee, kama kawaida, hakukata. Elvyra naye, kwa mazoea, akachelewa.

"Wanakupigia mpaka leo?" binti aliuliza. "Kweli huduma imekuwa nzuri nchini kwetu."

Mtoto mmoja alipiga chafya.

"Ndiyo," alisema Telesforas. "Nzuri."

Elvyra akabonyeza kitufe chekundu. Alikaa ndani ya gari lile lisilokuwa lake, mikono juu ya magoti, mpaka Rolandas akaja kugonga dirisha.

"Mwalimu, spika zinafanya kazi au hazifanyi?"

"Zinafanya kazi."

"Mbona unaonekana kama umetoka kuzika?"

"Nimesema zinafanya kazi, Rolandas."

Akafuta simu yake kwenye orodha ya gari, kama alivyotakiwa, akashuka.

Jumatatu yake, wakati anamenya bitiruti jikoni kwake, simu ikalia. Safari hii hakukuwa na injini nyuma ya sauti, ila kuku.

"Mwalimu, niko bandani. Simu nimeishika sikioni. Siku ile... Jolita aliuliza ni nani. Nikatafuta neno, sikulipata."

Elvyra aliweka kisu chini. Alikuwa ameandaa hasira siku nne, na sasa hakuiona iko wapi.

"Hata mimi nisingelipata, mzee," alisema.

"Sikupaswa kukuita mama wa gari."

"Si ndiye mimi?"

"Hapana," alisema mzee.

Akamweleza mambo yalivyokuwa. Jolita alikuja kumchukua ampeleke Ayalandi. Goti halitapona kwa matibabu ya umeme ya Alytus, na majira ya baridi yaliyopita alianguka kwenye barafu uani akalala pale saa nzima. Jirani ndiye aliyemsemea kwa binti yake. Nyumba itafungwa. Gari analichukua jirani huyo huyo. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kwamba waondoke baada ya siku ya kuwasha mishumaa makaburini, ili amwashie marehemu mkewe mshumaa kabla ya kwenda.

"Kule utaendesha?" Elvyra aliuliza.

"Wanaendesha upande wa kushoto. Kichwa changu kimeshakataa."

"Basi utanipigia ukiwa wapi?"

Swali lilitoka kabla hajalipima. Kuku walisikika wakiparura.

"Sijui, Mwalimu. Nyumba ya Jolita ni ndogo, watoto wamejaa. Mimi kuzungumza najua nikiwa naendesha. Nikikaa mbele ya watu ulimi unakuwa mzito." Kisha akasema, "Ndege ni Jumatano ijayo, saa saba na dakika ishirini mchana, Kaunas."

"Safari njema, mzee Telesforas."

"Ubaki salama, Elvyra."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Kisha akangoja, na Elvyra akangoja, na mwishowe ni yeye tena aliyekata.

Jumatano hiyo theluji ya maji maji ilianguka tangu asubuhi. Elvyra alikusudia saa saba na dakika ishirini atoke nje atazame upande wa Kaunas, ijapokuwa ndege haingeonekana kutoka hapo. Lakini saa saba kasoro robo akaja mama mmoja wa Kazlų Rūda, na simu yake ikakataa kuunganika. Ilikataa mara tatu. Ikabidi gari lizimwe, milango ifungwe, wangoje skrini izimike kabisa, waanze upya. Tarakimu zilipolingana na yule mama akaanza kumweleza dada yake kuhusu viti vinavyopata joto, ilikuwa saa nane imepita.

Elvyra alitazama saa ya kwenye skrini, akairekebisha kwa dakika moja, akashuka.

Alikula mkate wake mweusi na jibini akiwa amesimama ndani ya kontena, karibu na hita. Rolandas aliingia, akapangusa miguu, akamtazama, akafungua mdomo kusema kitu cha utani, kisha akaona afadhali atafute karatasi zake. Saa kumi na nusu giza lilikuwa limeshaingia. Elvyra alipanda basi, akashuka kituo cha tatu, akapanda ngazi, akawasha taa ya jikoni. Aliweka maji ya chai jikoni na kuvua viatu vilivyolowa, akavijaza magazeti vikauke. Kisha akaenda kwenye chumba cha mama, akafungua dirisha lililokuwa halijafunguliwa tangu mama afariki, akasimama hapo mpaka baridi ikamzidi.