Kichujio Kipya cha Mama Mkwe

Fundi alipata cheti cha umekanika Novemba 1994, na hadi leo hamwulizi mteja ni nani aliyeligusa gari kabla yake. Hufuta mikono kwa kitambaa cha kiunoni, kisha huinamia injini na kuibembeleza: "Haya bibie, unaumwa wapi?" Mkwe alisimama kando, jasho likimtoka. Gari ni la mama mkwe wake. Jana alimbadilishia kichujio cha hewa kwa mbwembwe zote. Leo limekohoa mlimani, likazima.

"Umeniulia injini, baba," mama mkwe alimwambia mkwe kutoka kwenye benchi, wala hakuwa anatania.

Fundi akafyatua vibanio vya boksi, akakiinua kichujio. Upande wa chini kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani. Akamtupia mkwe jicho moja, akaibandua taratibu bila kelele, akaisokomeza mfukoni.

"Injini nzima, mama. Ilikosa pumzi tu."

"Ilizibwa na nini?"

"Takataka. Nimeshaitoa."

Akawasha. Gari likanguruma vizuri, na mkwe akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Na oili je," mama mkwe akamwuliza mkwe, "utanibadilishia wewe?"

"Hapana, mama!"

Oili itabadilishwa wiki ijayo, na fundi.