Miaka Kumi na Tisa Ndani ya Basi

Kiatu changu cha kulia kilifunua mdomo siku ileile daraja lilipokatika, kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kubaki katika mji ule: sikuwa na njia ya kutokea, wala kiatu cha kutokea nacho. Nimeshonewa viatu katika miji mingi, mingine kwa lugha ambazo sikujua hata kuhesabu mpaka kumi, na nimeona kwamba fundi viatu mzuri hakuangalii usoni kwanza. Mwanamke niliyeelekezwa kwake alikigeuza kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, akasema, "Wewe unatembea huku unaangalia nyuma."

Alikuwa na miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana, miwani yake imefungwa kwa uzi uleule wenye nta anaoshonea soli. Mji mzima ulimwita Shangazi. Walioanza ni wachezaji wa timu ya mpira ya pale, kwa sababu kwa miaka thelathini na mbili ndiye aliyekuwa fundi wa daruga zao, kama baba yake kabla yake. Timu yenyewe iko ligi kuu, na watu wanaiita Matofali, kwani mji unaishi kwa kuchoma matofali.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Benchi, kisu, sindano sita, kopo la gundi lisilofungika. Ukutani, juu ya misumari, zilining'inia daruga zilizokwisha kazi, na kila anapohitaji kiraka anakata ngozi kutoka kwenye mojawapo. Zilikuwa bado na udongo wa mechi ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini hazioshi.

"Nikiosha nitajua vipi zimefia wapi?"

Wiki tatu kabla ya mimi kufika, baada ya siku kumi na moja za mvua, mto ulikuwa umehama njia. Watu wa mabondeni walitolewa mapema, wakasalimika. Maji yalipopungua kwingine, uwanjani hayakupungua, maana mto wenyewe ulikuwa umeamua kupita pale. Nilikwenda kuuona. Uliingia kwenye kona ya juu, ukakata boksi la penalti, ukatokea pale palipokuwa na kibanda cha tiketi. Goli moja lilikuwa limesimama ndani ya maji na ndege ametua juu ya mwamba wake. Wahandisi walisema kuurudisha mto kwao ni kazi ya miaka miwili.

Msimu ulikuwa umebakiza mechi kumi na moja, na Matofali walikuwa wa tatu kutoka mkiani. Ligi ikawapa wiki moja wachague uwanja mwingine wa nyumbani, na kwa kuwa klabu ni mali ya wanachama, wanachama ndio waliopaswa kusema. Ligi ilikubali viwanja vitatu. Wa kwanza ni ule mkubwa wa mji mkuu, wenye nyasi za kiwandani. Wa pili ni uwanja wa shule hapohapo mjini, kwa masharti. Wa tatu hakuna aliyetaka hata kuutaja: ni wa Magunia, timu ya mji wenye kiwanda cha magunia, saa moja kwa basi kufuata mto, mahasimu wao wa tangu babu na babu.

Kwa nini Shangazi alinyamaza wiki hiyo nzima, nilielezwa na kinyozi wa mlango wa pili, wembe ukiwa kooni mwangu.

"Ana mdogo wake, tumbo moja," alisema. "Alikuwa mshambuliaji wetu. Daruga zake zote zilitoka mikononi mwa dada yake. Magunia wakamchukua. Mwaka huohuo akarudi hapa na jezi yao, akatufunga dakika ya themanini na nane. Kwa daruga alizoshonewa na dada."

"Shangazi akafanya nini?"

"Alisimama jukwaani mbele ya watu elfu nne, akaapa: 'Mguu wangu hautakanyaga udongo wao, na kinywa changu hakitasema naye.' Sasa yeye ni fundi wa timu, lazima asafiri. Basi kila mwaka tukienda kwa Magunia anakwenda, ila hateremki. Basi linaegeshwa nje ya ukuta, anabaki humo na sindano zake. Kiatu kikikatika analetewa dirishani. Miaka kumi na tisa. Matokeo anayajua kwa kelele tu. Goli lao lina mlio wake na letu lina mlio wake."

"Na mdogo wake?"

Kinyozi aliinua wembe. "Alishatundika daruga zamani. Ndiye mtunza uwanja wao sasa. Lakini usimwambie nimekuambia."

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa soko. Nilisimama nyuma, nimevaa kiatu changu kilichopona. Mwenyekiti alisoma barua ya ligi, kisha akaketi haraka, kama mtu aliyewasha moto karibu na nyasi.

Kinyozi alikuwa wa kwanza. "Twendeni mji mkuu. Taa zipo, viti vipo, kamera zipo. Mara moja na sisi tuonekane watu."

"Saa sita kwenda, saa sita kurudi," alijibu mchoma matofali mmoja, jitu la mtu, nywele zina vumbi jekundu hata Jumamosi. "Mama yangu hajakosa mechi ya nyumbani tangu sijazaliwa. Nimfunge kwenye keria ya basi?"

"Mama yako ana nguvu kuliko wewe."

"Ndiyo maana simfungi. Mimi nasema uwanja wa shule. Umeinama, sawa, lakini umeinama kwetu."

"Kipindi cha kwanza tunapanda mlima," kinyozi akasema, "cha pili mpira unatutangulia sokoni."

Watu wakacheka. Sauti moja ya nyuma ikasema kwa woga, "Magunia wako saa moja tu."

Kicheko kikakatika. Kisha miluzi. "Nani huyo? Simama tukuone." "Umetumwa wewe." "Mbuzi wa kwenye gunia kawauzie wenzio."

Hapo ndipo Shangazi alipoinuka, na beseni mkononi. Alikwenda hadi meza ya mwenyekiti, akasogeza barua ya ligi, akatandika gazeti. Ndani ya beseni mlikuwa na daruga tatu kutoka ukutani kwake. Miluzi ilizimika bila mtu kuizima.

Alichukua kiatu cha kwanza, akakipiga mezani. Zilidondoka punje ndogo nyeusi za mpira. "Hizi ni za mji mkuu. Tazameni meno ya soli. Hayajalika, yamekatika. Nyasi zile zinashika mguu na haziachii. Mchezaji akigeuka, kitu cha kwanza kukatika ni jino la kiatu. Cha pili ni goti. Beki wetu wa kushoto yuko wapi?"

Kijana aliyenyoosha mguu juu ya benchi, gongo pembeni, aliinua mkono.

"Alikatikia wapi?"

"Kulekule, Shangazi."

Cha pili kilitoa changarawe, na ubavuni kilikuwa kimechanwa kama kwa kisu. "Hiki cha uwanja wa shule. Mazoezi ya wiki mbili tu. Kilikuwa kipya."

Kiatu cha tatu alikishika muda mrefu. Mimi, niliyeambiwa habari yake na kinyozi, niliona kidole gumba kikizunguka soli, na nadhani ukumbi mzima ulijua anachopima. Kama angenyamaza, uwanja wa shule ungepita, na yeye angebaki na kiapo chake. Kama angesema anachokijua, ingembidi amsifu mbele ya mji mzima mtu ambaye hajasema naye miaka kumi na tisa.

Alikibonyeza kwa kisu. Bonge la udongo wa kahawia likaanguka gazetini, likiwa na nyuzi nyembamba nyeupe ndani yake.

"Hiki cha Magunia, msimu uliopita. Udongo ni kama wetu, kwa sababu mto ni mmoja. Hii ni mizizi. Imekatwa ikaota, imekatwa ikaota, maana nyasi zinapunguzwa kidogokidogo na zinapewa maji kwa wakati. Meno yamelika sawasawa, pande zote. Miaka kumi na tisa nasafisha udongo wa uwanja ule, na kila mwaka ulikuja mzuri kuliko mwaka uliotangulia." Alivua miwani. "Anayeutunza ni mdogo wangu. Kazi yake ni nzuri. Katika ligi hii sijaona anayemfikia."

Mchoma matofali alisimama. Hakuwa na ukali tena, alikuwa kama mtu anayeuliza njia. "Shangazi, sasa tukawaombe Magunia?"

"Ligi ndiyo inayoomba. Sisi tunakwenda kufunga magoli."

"Na kiapo chako?"

"Kiapo ni changu. Kisiwavunje nyinyi magoti."

Mikono ikaanza kuinuka, wa beki mwenye gongo mbele. Wa mchoma matofali ulikuwa wa mwisho. Aliuinua nusu, kama anayejikuna sikio, kisha akaumalizia.

Siku ya mechi ya kwanza daraja lilikuwa limeshatengenezwa na ningeweza kwenda zangu. Nilipanda basi la Matofali. Shangazi alikaa kiti chake cha dirishani, mkoba wa vifaa magotini, na njia nzima hakusema zaidi ya kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Dereva aliegesha palepale anapoegesha kila mwaka, nje ya ukuta. Watu waliteremka wote. Yeye alibaki.

Chini, mchoma matofali alikuwa ametangulia na lori lake. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga matofali chini, moja baada ya jingine, kuanzia mlango wa basi mpaka geti la uwanja. Walikuwa wameyaosha.

"Shangazi," aliita kwa adabu, "kiapo kilisema udongo wao. Hapa hakuna udongo wao."

"Na tofali ni nini kama si udongo?"

"Ni udongo. Ila wa kwetu."

Shangazi aliwatazama kupitia dirishani, mamia ya watu wenye jezi nyekundu waliopisha njia pande mbili, wengine wamevua kofia. Mji wao ulikuwa umepoteza uwanja, lakini siku ile sikuona hata mmoja aliyesimama kama mtu aliyepoteza kitu. Akateremka. Alipita tofali kwa tofali, mkoba begani, kama mtu anayevuka kijito, na hakuna aliyemshika mkono kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Tofali la mwisho lilifika kwenye geti, na geti lilikuwa limefungwa.

"Wametufungia," mtu akasema. Maneno ya kuwachamba Magunia yalikuwa ndiyo kwanza yanapamba moto, alipotokea mwanamume mwembamba akifuata ukuta, mvi kichwani, reki mkono mmoja na funguo mkono wa pili. Aliona mstari wa matofali. Aliona aliyesimama juu ya la mwisho. Akasimama mbali kidogo.

"Hilo ni geti la wageni," alisema, akiwaambia wote bila kumlenga mtu. "Leo wageni ni wengine. Wenyeji ni nyinyi. Geti lenu liko upande ule, nimelifungua tangu asubuhi."

Walitazamana. Miaka yote walikuwa wakija pale kama wageni, na siku ya kuja kama wenyeji miguu imewapeleka kulekule. Aliyeanza kucheka ni kinyozi, na kicheko kikaenda mpaka kwenye lori.

Mchoma matofali hakucheka. "Nimekuja na arobaini tu," alisema. "Shangazi, simama hapohapo. Tunayaokota ya nyuma tunayaleta mbele, dakika tano."

"Acha," alisema Shangazi.

Alikuwa anaangalia miguu ya mdogo wake. Mwanamume huyo alikuwa amevaa daruga kuukuu, ngozi yake imekunjamana lakini nzima, mshono wa juu mdogomdogo na sawa kama wa mashine, uleule wa daruga za ukutani kwa Shangazi. Ila soli zilikuwa za tairi, zimefungwa kwa waya.

"Hizo soli nani kaweka?"

Mwanamume alijitazama miguuni. "Mimi mwenyewe, dada."

"Inaonekana."

Akashuka kwenye tofali. Alikanyaga mguu wa kulia, akabonyeza kisigino chini, akakizungusha taratibu kama anavyofanya na kiatu cha mteja.

"Hapa nje napo umemwagilia," alisema. "Jana jioni."

"Leo alfajiri."

"Ndiyo. Alfajiri."

Wakatangulia wawili hao kuuzunguka ukuta, na sisi nyuma yao, mchoma matofali akiwa amelibeba lile tofali la mwisho bila kujua la nini.

Kwenye jukwaa la wenyeji nilipata nafasi safu moja nyuma yao. Kabla mpira haujaanza, Shangazi alifungua mkoba, akanyoosha mkono bila kumtazama. "Vua."

Mdogo wake akavua, akaitazama mechi akiwa na soksi. Dada yake aliikata waya, akang'oa tairi, akaanza kushona soli mpya, kichwa kimeinama, uzi ukipita kwenye nta. Dakika ya thelathini na moja jukwaa zima lilisimama, na kelele iliyotoka mle ilitikisa mbao tulizokalia. Mdogo wake alikuwa ameruka juu, halafu akakumbuka ni mtu wa upande gani, akaketi.

Shangazi hakuinua kichwa. Alivuta uzi mpaka ukakaza.

"Letu hilo," alisema.