Raba Nne Nyuma ya Namba

Gari lililombeba dada yetu siku ya harusi yake, mwishoni mwa miaka ya themanini, lilikuwa jeupe na halikuwa letu. Lilikuwa la tajiri wa kaka yangu, mzee Singasinga mwenye duka la misumari na mabati River Road. Kaka alikuwa dereva wake. Alipoliomba kwa Jumamosi moja, mzee alilizunguka mara mbili kabla ya kumpa ruhusa.

"Hii rangi ya kiwanda," alisema. "Brashi haijagusa. Ikirudi na mkwaruzo, wewe tafuta mzee mwingine."

Hakuwa anatania. Dereva aliyemtangulia kaka alifukuzwa kwa alama ya funguo mlangoni.

Nyuma ya kila kibao cha namba mzee alikuwa ameweka vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, kimoja kila pembe, alivyovikata mwenyewe kwa wembe. Kaka alinieleza sababu. Bati la namba hutikisika, vumbi huingia kati yake na rangi, na vumbi la Nairobi ni msasa. Raba huliweka bati mbali. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mzee alifungua namba, akapangusa, akakagua, akafunga.

Asubuhi ya harusi tulikuwa nyumbani Mountain View. Msimamizi wa bwana harusi alikuja na fremu ya chuma iliyoandikwa "Bibi na Bwana", ifungwe juu ya namba ya nyuma. Skrubu hazikufika. Raba, bati na fremu vilikuwa vinene mno kwa pamoja.

"Toeni hizo raba," shangazi akasema. "Gari la harusi na viraka vya baiskeli? Watu watatucheka."

Kaka alikuwa ndani akifunga tai. Mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi ya ratiba.

"Mwenye gari ndiye aliyeziweka," nilisema.

"Ni leo tu, bwana," msimamizi akajibu, bisibisi mkononi. "Atajuaje?"

Alifungua namba, raba zikaanguka; niliziokota zote nne nikazitia mfuko wa koti. Ilinipasa kuingia ndani nimwite kaka. Nilitazama ratiba, nikaona tumechelewa dakika kumi na mbili, nikamwacha akaze skrubu.

Kwenda kanisani mjini nilitangulia, sikuona kitu. Baada ya ibada nilipanda pikapu iliyofuata gari la maharusi, shangazi pembeni yangu, tukielekea ukumbi ulio karibu na Adams Arcade. Kwenye shimo la kwanza la Ngong Road niliona pembe ya chini ya fremu ikiruka na kurudi. Shimo la pili, ikaruka tena. Toka hapo sikutazama kitu kingine. Barabara ilikuwa imechimbwachimbwa, na kila tulipotikisika fremu ilisugua mlango wa buti.

"Wapigie honi wasimame," nilimwambia dereva wa pikapu.

"Usithubutu!" shangazi akaruka. "Gari la maharusi halisimamishwi njiani. Unataka dada yako arudi kwetu kabla ya mwaka?"

Dereva alipiga honi hata hivyo. Msafara mzima ukadhani ni shangwe, ukaitikia. Kaka naye, mbele yetu, akapiga honi ndefu ya furaha na kuongeza mwendo.

Ukumbini tulifungua fremu kwa kisu cha wapishi. Chini ya kila pembe ya chini palikuwa na upinde mdogo, urefu wa kucha, uliochimba hadi rangi ya kijivu ya ndani. Kaka alipitisha kidole gumba juu yake.

"Raba ziko wapi?"

Nilizitoa mfukoni. Alizitazama, kisha akanitazama.

"Ulikuwa nazo saa hizi zote?"

"Rudisha raba, funga namba juu," msimamizi akasema. "Imeshajificha. Nani atafungua namba ya gari?"

"Yeye," kaka alisema. "Kesho ni Jumapili ya kwanza."

Tulifunga. Kaka hakula kitu siku hiyo.

Asubuhi nilimsindikiza. Mzee alikuwa tayari uani, nyuma ya duka, na bisibisi yake.

"Mzee, lete nifungue mimi," kaka akasema.

Alifungua, akaweka bati chini, akasogea kando. Mzee aliinama. Alipapasa upinde wa kwanza, kisha wa pili.

"Nani alitoa raba?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," kaka akasema.

Mzee hakuinuka. "Dada yako amefika salama?"

"Amefika."

"Gari ilisimama njiani?"

"Haikusimama, Mzee."

Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Kesho saa moja. Kuja na tyubu mpya nikate raba zingine, sio ya baiskeli ya nyanya yako. Na funguo weka juu ya meza yangu. Leo na kila siku."

Kwa miaka yote ya kazi kaka alikuwa akilala na funguo hizo nyumbani. Aliziweka mezani, tukatoka kwa miguu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa River Road, nikimsubiri fundi wa baiskeli afungue kibanda chake. Kaka alinikuta mlangoni pa duka la mzee, tyubu mkononi. Aliichukua, akaivuta kuona kama ni mpya, akaingia ndani.