Mlima Uliolia Kama Ngoma

Kabla ya kupata kazi ya ukarani, nilichimba shaba kwa mikono pale Musonoi, kwetu Kolwezi. Mchimbaji wa kwetu hakanyagi mahali papya bila kugonga kwanza. Ardhi ikitoa sauti nzito, anapita. Ikilia kama ngoma, chini kuna shimo la zamani, na anarudi bila kubishana na mtu.

Ndiyo maana nilijiaibisha kule Goma, nilipopelekwa na kiongozi wa watalii kwenye mlima wa moto uliolipuka karibuni. Tulifika kwenye lava iliyoganda, nyeusi kama makaa. Nikagonga kwa fimbo. Ikalia. Nikasogea, nikagonga tena. Ikalia. Moshi ulitoka kwenye nyufa karibu na viatu vyangu. Nikasimama pale pale.

"Twende, papa," kiongozi akaniambia kwa heshima. "Kila mtu anapita hapa."

"Hata kwetu kila mtu anapita," nikamfokea, "mpaka siku udongo unafunguka. Mi siendi!"

Akanishika mkono kama anavyoshikwa kipofu. Nikavuka nikisali kwa sauti, nikimkasirikia yeye, mlima, na mimi mwenyewe niliyeomba kuja.

Nilirudi Kolwezi nikiishukuru ardhi yetu. Siku hizi jirani anachimba shaba ndani ya uwanja wake, nyuma ya mabati. Mtaa mzima unajua na unanyamaza. Juzi niliingia chumba cha batoto wangu, nikasogeza kitanda, nikagonga sakafu kwa kisigino.

Ikalia.