Sauti Ambayo Diske Haikuihesabu

Wengine wakinisikia wanasema naongeza chumvi. Sawa. Lakini ni mimi niliyekuwa kwenye kile chumba, na haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu, mchana, bila tone la pombe kinywani.

Ninatunza kompyuta za redio moja ndogo ya hapa Ruashi. Wengi hawatujii kwa ajili ya muziki. Wanaleta komunike, matangazo ya vifo, tunayarekodi na kuyarusha jioni. Yote yanakaa kwenye diske moja ya peke yake ndani ya seva. Wiki ile komunike zilianza kukwama katikati, familia zikalalamika, na mkuu wetu akaniomba niangalie kama diske hiyo inakufa.

Ilikuwa Jumamosi, mvua inanyesha, wenzangu wamekwenda kula. Nikafungua takwimu. Kerneli, yaani kile kiini kinachoendesha mashine nzima, huhesabu kila mara diske inaposomwa au kuandikwa. Diske ya muziki ilikuwa na hesabu zake, zinakimbia. Ya komunike? Sufuri tupu, kana kwamba haijawahi kuguswa. Na taa yake inawakawaka mbele ya uso wangu! Kuna mahali ndani ya kerneli pa kuwashia hesabu hizo. Nikawasha. Nikaangalia tena: zimezimwa. Nikawasha mara nyingine, safari hii bila kuondoa macho kwenye skrini. Zikajizima zenyewe. Niamini.

Hapo nikasikia mtu akinisalimia nyuma yangu.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, amekaa tayari kwenye kiti cha wageni. Sikusikia mlango. Akaniomba kwa upole nimsikilizishe komunike ya mama Ngoie, aliyefariki wiki ile. Nikadhani ni mtu wa familia, nikaicheza. Akasikiliza ameinamisha kichwa, majina ya watoto yakipita moja moja, mpaka mwisho.

"Habakumutaya Odette," akasema. "Ni yeye mutoto yangu wa kwanza."

Nikamjibu kwamba kama kuna jina halikutajwa, komunike iliandikwa na mzee Kyungu, shemeji wa marehemu, na hatuwezi kuibadilisha bila familia.

Akaniangalia. "Sasa miye niko nani?"

Nikatazama chini. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, watu wote wanaingia na matope mekundu, lakini sakafu chini ya miguu yake ilikuwa safi, na kitenge chake kikavu kabisa. Nilitaka kukimbia, ila mlango ulikuwa upande wake. Nikamsogezea maikrofoni. Akasema maneno yake taratibu. Kwenye skrini mstari wa sauti haukutikisika hata kidogo, na hesabu za diske zikabaki sufuri. Nikageukia kibodi nihifadhi. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Jioni komunike ikaenda hewani. Baada ya jina la mtoto wa mwisho, mji mzima ukasikia sauti ya yule mama ikimwita binti yake aje: "Na Odette, mutoto yangu wa kwanza, iko Kipushi. Akuye."

Kesho yake asubuhi mzee Kyungu alifika na hasira. Pale kwenye kilio watu walikuwa wameitambua sauti, wengine wamezimia. Alitaka kujua nani ametuchezea, kwa sababu huyo Odette alizaliwa kabla ya ndoa na familia haikumkubali hata siku moja. Mkuu akanidai ushahidi. Ushahidi gani? Faili ilikuwa ileile ya zamani, na kerneli inasema hakuna aliyesoma wala kuandika chochote. Nikaanza kuonekana mchawi. Basi nikawaeleza yote.

Mzee akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alivala kilamba gani?"

Nikamwambia: kijani, ndege weupe. Akakaa chini palepale, kwenye sakafu. Ndicho kitenge walichomvika marehemu mochwari, Jumamosi ileile asubuhi, na hakuna aliyekiona ila yeye na wanawake wawili wa familia.

Odette alifika kabla ya maziko. Mzee Kyungu mwenyewe ndiye aliyemshika mkono na kumkalisha pamoja na ndugu zake, karibu na jeneza.

Tumeshabadilisha diske. Hata hii mpya haihesabiwi, nami nimeacha kuigusa swichi ile. Sikai tena peke yangu chumbani mle. Ila kila familia inayoleta komunike, naiuliza kama hakuna mtoto mwingine. Mara nyingi wanatazamana, halafu mmoja anataja jina.

Nawe unayenisikia, ulizaneni huko nyumbani mapema, mama angali hai na anaweza kujibu mwenyewe. Msimlazimishe aje kwangu.