Herufi Tatu na Jani la Isale

Kila nikisikia harufu ya kahawa iliyolowekwa, ile harufu chachu inayokaribia kuwa ya pombe, nahisi vidole vyangu vikinata tena. Msimu ninaoukumbuka nilikuwa darasa la sita, na ua wa nyumba yetu, kijijini juu ya Kwa Sadala, ulikuwa umejaa madebe ya kahawa tuliyoikoboa kwa mashine ya mkono na kuiacha ichachuke kabla ya kuiosha. Kuosha ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kazi niliyoipenda, hata hivyo, ilikuwa kusoma kwa sauti kitu chochote chenye Kiingereza: gunia la mbolea, kopo la dawa ya ng'ombe, pakiti ya viwembe vya babu. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza na sikumficha mtu habari hiyo. Bibi alisema ipo siku nitawasomea hata kuku, na mimi nikaona amenisifu.

Babu yangu, mzaa baba, alipigana Burma katika vita vikuu vya pili. Aliondoka hapa na jirani yake Ndekirwa, wakakaa kombania moja, wakachimba handaki moja. Babu akarudi, Ndekirwa hakurudi. Mjane wake, Bibi Aikaruwa, aliishi kihamba cha pili, shamba la ukoo lililopakana na letu, na kati ya migomba yao na yetu palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu huonyesha mpaka. Siku babu aliporudi, mama yule alimuuliza swali moja tu: mlikwenda wawili, mwenzako umemwacha wapi? Babu akamweleza alichokikumbuka. Alikumbuka mvua, akakumbuka wako handakini, kisha akakumbuka anaamka kitandani penye harufu ya dawa. Kilichotokea katikati hakukijua. Hakujua kama homa ilimchukua kwanza, au kama alimkimbia mwenzake ndipo homa ikamkuta njiani. Kwa miaka yote ile Bibi Aikaruwa alipita kwetu bila salamu, na babu hakuthubutu kumlaumu.

Alikuwa na karatasi yake ya utumishi jeshini, imekunjwa mpaka mikunjo ikageuka kuwa matundu. Walimu walikuwepo kijijini, mchungaji naye alikuwepo, lakini babu hakutaka mtu mzima wa nje aone aibu yake, kama ni aibu. Alitaka macho ya nyumbani. Mchana mmoja akaniita nyuma ya zizi, akaniambia ninawe mikono kwanza, akanikabidhi karatasi kwa mikono yake miwili.

"Kichwa changu kilikuwa na homa," akasema. "Karatasi haikuwa na homa. Nisomee."

Nilitazama. Hapakuwa na Kiingereza nilichokijua. Palikuwa na vipande vya maneno na nukta, mstari baada ya mstari, na penye mstari alionionyesha kwa kidole paliandikwa tarehe, kisha Adm. C.C.S., kisha N.Y.D. Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, na babu angekunja karatasi yake tukarudi kwenye kahawa. Lakini alikuwa ananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena na mtu yeyote. Herufi zile za mwanzo niliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Nikang'ang'ania tatu za mwisho. N lazima iwe ya kukanusha. D nilikuwa na hakika nayo, kwa sababu shuleni kila wiki mwalimu wa zamu aliitwa mwalimu wa "duty". Y nikaimeza.

"Babu, wanasema hukuwepo zamu."

Akaniuliza tangu lini. Nikamsomea tarehe. Tarehe ya kifo cha Ndekirwa aliijua, maana mjane aliletewa barua. Akahesabu kwa vidole, akakuta ya kwake imetangulia kwa siku mbili: mwenzake alikufa yeye akiwa ameshamwacha. Akakaa. Kisha akasema, "Basi, imeandikwa," na akanishukuru.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akakata jani la isale pale mpakani, akalifunga fundo na kuvuka. Mchagga akikuletea isale lililofungwa, amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumrudisha mikono mitupu. Bibi Aikaruwa alilipokea. Juma hilohilo bibi yangu akapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kule, wao wakatuletea ndizi, na mtoto wao Elia, aliyezaliwa baba yake akiwa vitani, akaanza kula kwetu akiwa tayari mtu mzima mwenye ndevu. Nami nilijiona nimefika, nikadhani amani ile nimeileta mimi. Sikuona kwamba babu ameacha kusimulia habari za Burma. Nishani yake ya vita aliipeleka kwa Bibi Aikaruwa. Tukichinja mbuzi na sehemu ya mkubwa ikiletwa mbele yake, aliisukuma kando na kusema apewe mwingine. Alifariki nikiwa sekondari, bwenini.

Mwaka huu, tulipobadilisha bati za nyumba ile, karatasi ya babu ikapatikana darini. Nilishuka nayo hadi mjini, Njoro ninakoishi, nikampelekea jirani yangu mmoja, karani mstaafu wa hospitali ya jeshi. Aliisoma akiwa anakoroga chai. Babu alilazwa katika hospitali ya nyuma ya mstari wa mapigano, akasema, na hizi tatu, "Not Yet Diagnosed", maana yake ugonjwa wake ulikuwa haujatambuliwa bado.

"Huyu alibebwa, mama. Hakumkimbia mtu."

Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikalia nimesimama kando ya pikipiki ya watu.

Jumapili nikapanda kijijini. Bibi Aikaruwa ameshakufa, lakini Mzee Elia yupo, ameshika fimbo. Nilimwamkia, nikamweleza yote, tangu zizi hadi chai ya karani. Aliilaza fimbo yake chini.

"Kwa hiyo siku ile babu yako alituomba msamaha wa kosa la nani?"

"La kwangu, mzee."

Aliingia ndani akatoka na nishani, akaniwekea mkononi. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Mpakani siku hizi pana ukuta wa matofali, kahawa imeng'olewa wakapanda parachichi, na ile harufu ya msimu haipo tena. Masale yamebaki machache pale makaburini. Nilikata jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyomwona babu akifanya, nikasimama mbele ya kaburi lake nimelinyoosha kwa mikono miwili. Isale hupelekwa kwa mtu wa kulipokea. Nilisimama hapo mpaka mikono ikachoka, kisha nikarudi nalo mjini.