Joto Linalolegeza Bolti

Egzosi ikivuja pale inapoungana na injini, hutoa mlio mwembamba pembeni ya ngurumo, tsk tsk tsk, kama bibi anayesikitika. Wiki iliyopita pikapu moja ilipita mbele ya ofisi yetu hapa Tarbaj ikilia hivyo hivyo, nikaacha chai yangu ikapoa mezani. Wenzangu walidhani nimepigiwa simu ya msiba. Msiba ninao kweli, ila ni wa zamani, na sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho wake. Basi wacha niwasimulie ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikaa Garissa, na baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa ngamia na mbuzi. Kaka yangu Liban alirudi kutoka Nairobi na cheti cha ufundi wa magari, akakaa nyumbani bila kazi, mpaka Hooyo, mama yetu, akaanza kumletea chai kabla hajaiomba. Alikuwa na wasiwasi naye. Siku zile vijana wa rika lake walikuwa wanaenda tahriib, safari ile ya kujificha, unavuka jangwa hadi Libya, kisha bahari, kutafuta Ulaya. Wawili wa mtaa wetu walikuwa wameshakwenda. Mmoja alipiga simu alipofika.

Ndipo Baba akanunua gari. Lilikuwa kuukuu, la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane. Mkandarasi mmoja wa barabara aliliacha likiwa bovu. Baba mwenyewe hakujua hata kuendesha. Alilizunguka kama anavyomzunguka ngamia sokoni, akalipiga kofi ubavuni, akauliza linakula nini. Liban akamwambia linakula petroli kama lori. Baba akasema mnyama wa namna hiyo kwetu huchinjwa mapema. Liban akacheka, na Hooyo alipokisikia kicheko kile akiwa jikoni alisema alhamdulillahi.

Egzosi yake ilikuwa imeoza kwa kutu. Liban akaomba mabomba mapya, yale marefu yaliyopinda, kila silinda na bomba lake, ili moshi utoke upesi na injini ipate nguvu. Yaliagizwa Islii kule Nairobi, yakaja kwa basi yamefungwa kwa gunia. Kazi ilifanyika uani, chini ya turubai. Kung'oa bolti za zamani peke yake kulikula siku nyingi, maana zilikuwa zimeshikana na chuma, nazo hazikuogopa matusi ya Liban wala dizeli aliyokuwa akizimwagia.

Jioni moja tukila, Hooyo alimuuliza Liban waziwazi kama naye anaifikiria safari ile. Liban hakumdanganya.

"Nikimaliza gari la Aabo, nitaondoka," alisema. "Siwezi kwenda na kazi ya mtu ikiwa bado mikononi mwangu."

Hooyo akaacha kula. Baba aliendelea na wali wake polepole, kisha akasema, "Basi ifanye taratibu, aabo. Haraka haraka haina baraka." Kwetu baba humwita mtoto wake aabo, yaani baba, na mtoto naye humwita hivyo hivyo. Msishangae.

Mabomba yakafungwa. Liban alizikaza bolti asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alasiri akawasha injini, na pembeni ya ngurumo ikasikika tsk tsk tsk. Akaingiza spana: bolti zimelegea. Akakaza upya. Kesho yake zikalegea tena, na kesho kutwa. Akabadilisha gasketi zinazoziba kiungo, bolti zikalegea vile vile. Mimi niliyekuwa nikikaa juu ya tairi kumtazama nikamuuliza kwa nini.

"Ni joto la Garissa, abaayo," alinijibu, yaani dada. "Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinarudi, bolti inalegea. Egzosi zote ndivyo zilivyo."

Si uongo, muulizeni fundi yeyote. Ila alilisema kwa sauti kubwa, amegeuka upande aliokaa Baba, nami nikadhani masikio ya Baba yameanza kuzeeka. Baba akaitikia kutoka kwenye mkeka wake, "Kweli, joto la mwaka huu ni baya. Kaza tena, aabo."

Garissa baada ya swala ya adhuhuri hakuna mtu anayesimama. Hata mbuzi hulala. Mchana mmoja nilitoka kunywa maji, nikamwona Baba ameinamia boneti iliyo wazi, kikoi amekikunja magotini, spana mkononi, anazilegeza bolti moja moja huku ameng'ata ulimi. Nikafurahi kwamba mzee anajifunza ufundi. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, akaninong'oneza, "Mfunge ngamia wako kwanza, ndipo umwachie Mungu." Nikaona mzee wangu amechanganyikiwa, kwani yeye alikuwa anafungua, hafungi. Lakini sikumwambia mtu. Siri na baba yangu sikuwahi kuwa nayo kabla, nikaitunza.

Mvua zikaja, zikaisha. Gari bado linasikitika alasiri, Liban bado anakaza asubuhi. Hooyo akanenepa kidogo, akaanza hata kutaja binti wa watu.

Kisha simu ya Liban ikaanza kuita mara kwa mara, naye akawa anatoka nje ya geti kuzungumza. Asubuhi moja alizifungua bolti zote, akazipeleka kwa fundi wa kuchomelea, zikatobolewa vichwa. Akazirudisha mahali pake, akazikaza, halafu akapitisha waya kwenye matundu yale, bolti mbili mbili, akausokota kwa koleo hadi ukakazika kabisa, bolti zisiweze kuzunguka tena. Koleo akaliacha juu ya injini. Akaingia ndani, akala, akajilaza.

Baba alitoka kama kawaida yake. Nilikuwa mlangoni. Aliinama, akauona waya. Aliugusa kwa kidole gumba, taratibu, akasimama pale mpaka shati likalowa mgongoni. Kisha akarudi kwenye mkeka, akalala ameelekea ukutani.

Alasiri ile injini ilinguruma safi, majirani wakaja kushangaa. Hooyo peke yake hakutoka.

Siku chache baadaye Liban aliaga kwamba anakwenda Balambala kutazama lori lililoharibika. Baba aliushika mkono wake kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomshika anayekwenda Balambala. Alitupigia kutoka Khartoum, akauliza gari linaendeleaje. Akapiga tena kutoka mahali penye upepo mwingi, maneno yakakatika. Hakupiga tena. Hatuna kaburi, hatuna habari, na Hooyo hadi leo hakubali mtu aseme marehemu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza Baba kama Liban alijua.

"Fundi gani asiyejua bolti aliyoikaza kwa mkono wake?" alinijibu. "Alijua tangu siku ya kwanza. Siku zile zote alinipa yeye. Halafu akaweka waya, ili asilazimike kuniambia kwa mdomo kwamba zimetosha. Alikuwa ananiomba ruhusa. Mtoto akikuomba kwa adabu namna ile, utamkatalia vipi?"

Watu wakisikia jibu hilo hutikisa kichwa, wanasema walikuwa wanaume wawili waungwana. Nami najua walipendana, najua sasa kwamba maneno yale yote ya joto na chuma yalikuwa mazungumzo yao. Lakini koleo lilikuwa pale pale juu ya injini, na waya ule hata mimi wa miaka kumi ningeukata. Sijawasamehe, wote wawili, adabu ile.